Kinyama kisitupwe: uvimbe haujulikani kwa kidole

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wasomaji wa Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa, Rukwa na Ruvuma kuhusu neno uvimbe. Mwenye shingo iliyojaa anaambiwa ana uvimbe. Mama anayetokwa na hedhi nzito ana uvimbe. Mzee anayekesha chooni mkojo ukigoma kutoka, naye ana uvimbe. Mtoto aliyefura taya, vilevile. Wote wanne wamepewa neno moja, na mara nyingi wanapewa na ushauri mmoja: usiguse, usikate, ukikata unasambaa. Ushauri huo unaua watu. Na hospitalini nako kuna kosa ambalo ni pacha wake: uvimbe unakatwa, unatazamwa kwa macho, unatupwa, na mgonjwa anaruhusiwa akiwa na mshono mzuri lakini hajui kilichotolewa mwilini mwake kinaitwaje.

Mjerumani Rudolf Virchow aliandika mwaka 1858 kwamba kila seli huzaliwa na seli nyingine. Maana yake kwa mgonjwa ni kwamba uvimbe haurushwi na mtu ukaingia mwilini. Umetokana na seli zake mwenyewe, zilizokuwa zikifanya kazi ya kawaida, kisha zikabadili namna ya kukua. Namna hizo ni kadhaa, na zinatofautiana sana kwa hatari na kwa tiba.

Namna nyepesi kueleza ni ya seli kunenepa bila kuongezeka idadi. Seli za msuli wa moyo wa mtu mzima karibu hazigawanyiki tena. Presha ikipanda ikakaa juu kwa miaka, moyo unasukuma damu kwa shida, na kwa kuwa seli mpya hazipatikani, kila iliyopo inanenepa. Ukuta wa chumba cha kushoto, ambao kwa kawaida una unene wa sentimita 1 hivi, unaweza kufika 1.5 na zaidi. Msuli huo mnene unataka damu nyingi kuliko inayofikishwa na mishipa yake, mwishowe unachoka na moyo unatanuka. Hakuna cha kupapasa hapo wala cha kukata. Kinachouzuia ni vidonge vya presha, vinavyomezwa hata siku ambayo mtu anajisikia mzima.

Kuongezeka kwa idadi ya seli ni habari nyingine, na mfano wake tunao shingoni. Rovu, ambalo wengi sasa wanaliita goita, limezisumbua Nyanda za Juu Kusini kwa vizazi vingi. Mvua zinazonyesha mwaka hadi mwaka kwenye miteremko kama ya Uporoto, Kipengere na Livingstone husomba madini joto kutoka kwenye udongo, na mazao yanayoota hapo hayawezi kuwa na kitu ambacho udongo hauna. Tezi ya shingo inayahitaji madini hayo kutengeneza homoni zake. Yakipungua, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inatuma homoni ya kuihimiza: tengeneza, tengeneza. Tezi ya shingo inaitikia kwa njia pekee inayoiweza, inaongeza seli. Seli zenyewe ni nzima, zinatii amri. Ndiyo maana rovu changa la kijana hupungua akipata madini joto ya kutosha, ilhali rovu la miaka 20 lenye mafundo halirudi, kwa sababu ndani yake kumekwishatengenezwa makovu, vifuko vya majimaji na chembe za chokaa.

Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Chumvi ya pakiti iliyoongezwa madini hayo inatosha, kwa kiasi kisichozidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ila itunzwe. Ikiachwa wazi karibu na moto, au ikipata unyevu, madini yanapotea. Iwekwe kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, itiwe chunguni mwishoni mwa kupika. Chumvi ya mawe ya kulambisha ng'ombe si mbadala.

Lakini tusijifariji kwamba kila shingo iliyojaa ni upungufu wa madini joto. Fundo moja gumu linalokua kwa miezi michache, sauti inayokwaruza, au matezi yanayojitokeza pembeni mwa shingo, hayo yanataka sindano nyembamba ya kuvuta seli, iliyo nyembamba kuliko nyingi za kutolea damu. Na hata hiyo sindano ina mpaka wake, na wagonjwa wanastahili kuujua. Kuna aina ya saratani ya tezi hii, inayoonekana zaidi pale palipo na upungufu wa madini joto, ambayo seli zake zikitazamwa moja moja haziachani na za uvimbe usio na madhara. Tofauti iko kwenye ganda: je, seli zimelitoboa ganda la fundo au zimeingia kwenye mshipa wa damu? Sindano haiwezi kujibu hilo. Fundo lazima litolewe zima, na ganda lake likatwe vipande vingi kuzunguka. Daktari akisema "sindano haikutoa jibu, inabidi tutoe upande huu wa tezi", hajababaisha.

Tezi dume nayo inahitaji kusafishiwa jina. Watu wanasema "mzee ana tezi dume" kana kwamba ni ugonjwa. Kila mwanamume anayo tangu kuzaliwa. Ya kijana ina uzito wa gramu 20 hivi na imezunguka njia ya mkojo chini ya kibofu. Umri unavyosonga, seli za sehemu yake ya ndani, ile inayogusana na njia ya mkojo, zinaongezeka kwa kuchochewa na homoni za kiume, na tezi inaweza kufika gramu 60, 100 au zaidi. Hiyo si saratani na haigeuki kuwa saratani. Saratani ya tezi hiyohiyo kwa kawaida huanzia sehemu ya nje, upande wa nyuma, mbali na njia ya mkojo. Hapo ndipo penye mtego: uvimbe usio saratani unapiga kelele mapema kwa kuziba mkojo, ilhali saratani inakaa kimya mpaka imefika kwenye uti wa mgongo. Kwa kuwa iko upande wa nyuma, kidole cha daktari kupitia njia ya haja kubwa kinaifikia. Kipimo hicho kinachukua chini ya dakika moja. Mzee anayekwepa kwa aibu akarudi baada ya miaka 2 akiwa na maumivu ya mgongo na miguu isiyo na nguvu amelipa bei kubwa mno.

Na mkojo uliozibwa na uvimbe usio saratani unaua pia, kwa kurudisha shinikizo kwenye figo. "Si saratani" haina maana ya "si hatari".

Sasa tuje kwenye moshi. Baridi ya Juni na Julai, Makete au Uyole, inaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hatari ya hewa ya mkaa kuua usiku mmoja inajulikana. Isiyojulikana ni ya polepole. Njia za hewa zimetandikwa seli ndefu zenye vinyweleo vinavyopiga kama makasia na kusukuma makohozi juu. Moshi wa kuni na wa sigara unaziumiza miaka kwa miaka, hatimaye seli hizo zinaacha kuzaliwa na mahali pake zinazaliwa seli bapa, za matabaka, mfano wa zile za ngozi. Zinastahimili moshi, lakini hazina vinyweleo. Makohozi yanabaki, kikohozi cha asubuhi kinakuwa cha kudumu. Hapa seli zimebadili aina, na bado si saratani. Moshi ukiondolewa, badiliko hili linaweza kurudi nyuma. Ukiendelea, seli zilezile zinaweza kupoteza mpangilio.

Mabadiliko ya namna hii hutokea pia kwenye mlango wa kizazi, na huko hayasababishwi na moshi wala na kosa lolote. Msichana anapobalehe, seli laini za ndani ya mlango wa kizazi hujitokeza nje, zinakutana na tindikali ya ukeni, zinageuka kuwa bapa. Ni jambo la kawaida kwa kila mwanamke. Lakini eneo hilo linalogeuka ndilo ambalo virusi vya HPV hupenda kuingia, hasa aina ya 16 na 18, ambazo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Virusi hivyo vina protini mbili zinazozima breki za seli, zile zinazosema "usigawanyike mpaka hitilafu irekebishwe". Breki zikizimwa, seli zinagawanyika zikiwa na makosa, viini vyake vinakuwa vikubwa na vyeusi, na mpangilio wa matabaka unavurugika kuanzia chini kwenda juu.

Kwenye darubini vurugu hilo linapimwa kwa theluthi. Likiwa theluthi ya chini tu, mara nyingi mwili wenyewe unalisafisha. Likifika matabaka yote huwa hatua ya tatu ya vurugu hilo, ambayo bado si saratani, na wanawake wapatao theluthi moja wasipotibiwa hupata saratani kamili ndani ya miaka 30. Muda wote huo seli mbovu ziko juu ya utando mwembamba unaozitenga na mishipa ya damu. Hazijaenda popote na haziwezi kusambaa. Mgonjwa haumwi, hatokwi damu, hana harufu. Ni dirisha la miaka mingi, na tunalalamika kwa uchungu kwamba wanawake wengi wanafika dirisha likiwa limeshafungwa.

Kipimo cha kuzigundua seli hizo mapema hakihitaji mashine. Nesi aliyefunzwa anapaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi na kungoja dakika 1 kamili. Seli zenye viini vikubwa zinageuka nyeupe, doa lenye kingo zinazoonekana. Akingoja sekunde 20 akafunga, atalikosa. Doa likiwa dogo na lote linaonekana, linaweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandisha: dakika 3 za baridi kali, dakika 5 za kuachia, kisha dakika 3 tena. Lakini doa linaloingia ndani ya mfereji hadi mwisho wake usionekane, au penye kidonda, kinyama kinachoota au damu inayotoka kwa kugusa, kugandisha ni kosa. Hapo anachukuliwa kinyama kwanza, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara.

Mikoa yetu ina sababu ya kulichukulia hili kwa uzito kuliko mingine. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023, Njombe ilikuwa na maambukizi ya VVU asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara 6 hivi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi, kwa sababu kinga yake haisafishi HPV kwa urahisi. Aanze kupimwa akiwa na miaka 25, asingoje 30, na arudie kila baada ya miaka 3 hadi 5, au mapema zaidi kama kliniki yake ilivyompangia. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 na sasa ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haizuii uzazi. Inamzuia binti asije akatokwa damu yenye harufu akiwa na miaka 45.

Seli zikishautoboa ule utando, hiyo ndiyo saratani. Hesabu yake inafaa kueleweka. Seli moja inakuwa 2, 4, 8, 16. Zikijizidisha hivyo mara 30 zinafika karibu bilioni 1, na hapo uvimbe una ukubwa wa sentimita 1, uzito wa gramu 1 hivi, sawa na punje kubwa ya harage. Huo ndio udogo wa chini ambao kidole kinaweza kuugundua titini. Kutoka hapo, kujizidisha mara 10 tu kunatosha kufika kilo 1. Anayesema "ni kadogo, nangoja nione" anadhani yuko mwanzoni mwa safari, kumbe robo tatu ya njia imekwisha.

Kasi hiyo haifanani kwa saratani zote, na hapa tunamwomba kila mzazi wa Kyela asome taratibu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari zaidi ya kilomita 16,000 kusini hadi Afrika Kusini akiuliza hospitali kwa hospitali. Aligundua kwamba uvimbe huo ni nadra kwenye nchi za juu zenye baridi, takriban mita 1,500 na zaidi. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi, ilhali pwani ya Ziwa Nyasa ni mita 500 tu, na joto lake tunalijua. Sababu ya tofauti hiyo ni malaria: mtoto anayeugua malaria mfululizo anashindwa kudhibiti virusi vinavyoitwa Epstein-Barr ndani ya seli za kinga, na jeni inayohimiza seli kugawanyika inahama mahali pake na kufanya kazi bila kukoma. Seli za uvimbe huu zinajizidisha ndani ya siku 1 hadi 2. Mtoto wa miaka 4 hadi 7 mwenye jino linalolegea bila kuoza na shavu linalojaa wiki kwa wiki asing'olewe jino, apelekwe hospitali siku hiyo. Uvimbe huo hausubiri mavuno yauzwe. Na kwa kuwa unakua haraka, dawa za saratani zinauyeyusha haraka pia. Watoto wengi wanapona, tena bila kisu.

Kwa wakulima tuseme mawili ya ngozi. Kovu la moto la utotoni, la mtoto aliyeangukia mekoni, au donda ndugu la muundi lililokaa miaka 10, 20, linaweza kugeuka saratani. Dalili yake ni ukingo unaoinuka na kukunjamana kama koliflawa, harufu mpya, damu. Kinyama kichukuliwe kwenye ukingo huo, sehemu mbili au zaidi. Cha katikati ya kidonda kitaleta usaha na seli zilizokufa, na jibu litakuwa "hakuna saratani" wakati ipo. La pili ni doa jeusi kwenye unyayo linalopanuka. Watu wanadhani ni mwiba au damu iliyovilia. Kwa sisi Waafrika, saratani ya seli za rangi hupenda unyayo na chini ya kucha. Doa hilo lisikwanguliwe kwa wembe, kwa sababu kinachoamua tiba ni kina chake kwa milimita, na wembe unakifuta.

Je, kisu kinasambaza saratani? Imani hii ina chanzo kinachoeleweka. Mgonjwa anafika saratani ikiwa imeshasambaa, anakatwa kinyama, baada ya miezi 3 anafariki, na kisu kinabeba lawama ya miezi 18 aliyokaa akibandika dawa ya kuunguza. Kinyama kilichochukuliwa ipasavyo kwenye titi, mlango wa kizazi, ngozi au tezi dume hakimgeuzii mgonjwa hatima yake. Yapo mambo ambayo madaktari wenyewe wanayachunga: uvimbe wa korodani hautobolewi kupitia mfuko wake, na wa mfupa huchukuliwa kinyama na yule au kwa mpango wa yule atakayeufanyia upasuaji. Uangalifu huo ni wa njia ya kupitia. Hauna maana kwamba kinyama kisichukuliwe.

Sasa tuongee na wenzetu wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, maana hapa ndipo majibu mengi yanapoharibikia kabla sampuli haijapanda gari.

Nyama ikishatoka mwilini inaanza kujiyeyusha yenyewe kwa vimeng'enya vyake. Iingie kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ndani ya saa 1. Haifai maji ya chumvi, haifai spiriti, haifai barafu ya jokofu la chanjo. Barafu inatengeneza matundu ndani ya seli na spiriti inazikunja. Spiriti ya asilimia 95 ni ya slaidi (vioo vya darubini) zilizopakwa seli tu, na mazoea ya kuchanganya haya mawili yamewagharimu wagonjwa wengi upasuaji wa pili.

Fomalini ya dukani ina nguvu ya asilimia 37 hadi 40. Haitumiwi hivyo. Pima sehemu 1 yake na sehemu 9 za maji; kwa lita 1 ya mchanganyiko ni mililita 100 za fomalini na 900 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, pamoja na gramu 4 za fosfati ya sodiamu ya haidrojeni mbili na gramu 6.5 za ile ya haidrojeni moja isiyo na maji. Hizo fosfati si pambo. Bila hizo fomalini inakuwa na tindikali, na penye damu inaacha punje za kahawia zinazochafua slaidi. Wapo wanaodhani fomalini isiyochanganywa ni bora kwa kuwa ni kali. Inakausha ganda la nje haraka, na katikati panaoza. Tena kwa baridi yetu ya katikati ya mwaka, fomalini kali iliyoachwa stoo huganda mashapo meupe chini ya chupa. Mashapo hayo ndiyo dawa yenyewe iliyojitenga. Kilichobaki juu ni dhaifu, na ukipima sehemu 1 kwa 9 umepima kidogo kuliko unavyodhani. Itunzwe chumba kisicho na baridi kali. Iliyokwisha kuganda isitumike kwa sampuli.

Kiasi kiwe angalau mara 10 ya ukubwa wa nyama. Kizazi chenye fibroidi (uvimbe wa msuli wa kizazi) kilichosukumizwa kwenye kopo la nusu lita kikiwa na vijiko viwili vya fomalini kitafika kimeoza, hata kama safari ni ya kutoka Tukuyu tu. Fomalini inapenya polepole, makadirio ni milimita 1 kwa saa mwanzoni, kisha inazidi kupungua. Kwa hiyo titi na kizazi vipasuliwe kwa kisu kikali, vipande vya sentimita 1 hivi visivyoachana, ili dawa iingie. Pembe ya juu ya titi ifungwe uzi na maana ya uzi iandikwe. Kopo liwe la mdomo mpana. Nyama laini inaingia kwenye chupa ya mdomo mwembamba, ikishakauka haitoki mpaka ikatwekatwe, na kingo tunazozitafuta zinapotea. Kinyama cha mlango wa kizazi kinahitaji saa 6 hadi 8. Titi lisipungue saa 6 na lisizidi saa 72, kwa sababu kupita hapo kipimo cha vipokezi vya homoni hakiaminiki, na ni kipimo hicho kinachoamua kama mama atameza kidonge cha kuzuia homoni kwa miaka 5 au la.

Jina liandikwe ubavuni mwa kopo, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana. Fomu iwe nje ya mfuko wa plastiki wenye kopo, maana ikilowa fomalini wino unafutika. Na fomu ijazwe. "Uvimbe, ? saratani" si maelezo. Tunahitaji umri, mahali hasa ulipotoka, upande, umekaa muda gani, mgonjwa alishawahi kutibiwa nini, hali ya VVU, siku ya mwisho ya hedhi kwa kinyama cha kizazi, saa uliyotoa na saa uliyotumbukiza. Tando la kizazi la siku ya 24 linafanana na ugonjwa kwa asiyejua kwamba ni siku ya 24. Anayechanganya fomalini avae glavu na afungue dirisha; ikiruka jichoni, maji yanayotiririka dakika 15, kisha kwa daktari.

Maabara nayo isiharakishwe kama kipimo cha malaria. Nyama inakatwa vipande vya milimita 3 hadi 4, inanyonywa maji kwa alikoholi inayoongezwa nguvu hatua kwa hatua, inapitishwa kwenye zailini, inanyweshwa nta ya parafini ya nyuzi 60 hivi, inagandishwa kuwa bloku, inakatwa utando wa maikroni 4, inatiwa rangi mbili, buluu kwa kiini na waridi kwa sehemu iliyobaki. Ukiruka hatua moja, nyama inapasuka chini ya kisu. Umeme ukikatika katikati, kazi inasimama.

Ombi letu kwa waganga wakuu wa wilaya ni kwamba fomalini iliyochanganywa tayari iwemo kwenye orodha ya vitu vinavyohakikiwa kabla ya upasuaji kuanza, pamoja na nyuzi na chachi, na anayeandika kitabu cha upasuaji awe na safu ya namba ya sampuli. Isiwe juu ya ndugu wa mgonjwa kukimbia stendi na kopo mkononi.

Na kwa ndugu wa mgonjwa: kabla hamjaondoka wodini, ulizeni kinyama kimepelekwa maabara gani, kwa namba ipi, na majibu yatachukuliwa lini na nani. Andikeni kwenye kadi. Bloku ile ya nta inatunzwa kwa miaka, haiozi. Ikibidi mgonjwa aende hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, madaktari wa huko wanaweza kuomba bloku hiyohiyo waisome tena na kuongeza vipimo bila kumkata upya, mradi namba yake ipo.

Wako,
Watumishi wa maabara ya patholojia,
Mbeya